Mlembe hana mjomba: ndege wa asali alijifunza wapi kuitika?

SWALI: "Mwalimu, shikamoo. Kwetu ni Masasi ila kwa sasa niko chuo hapa Mtwara mjini. Likizo iliyopita nilifuatana na mjomba kurina asali porini Nanyumbu, karibu na Ruvuma. Mjomba akapiga ule mlio wao, brrrr-hm, brrrr-hm, na haikupita nusu saa akaja ndege mdogo wa rangi ya vumbi, akawa anapiga kelele mbele yetu mpaka akatufikisha kwenye mti wenye nyuki. Mjomba alimtengea masega juu ya majani, akasema tusipompa chake, siku nyingine atatupeleka kwa chui. Chuoni nilipomsimulia mwenzangu alicheka, akasema ndege hana akili, ni silika tu. Je, ni silika au ni akili? Na kama kweli anaujua mlio wa mjomba, nani alimfundisha?"

JIBU: Marahaba, mwanangu. Maswali yako ni mawili, na hilo la mwisho ndilo gumu. Nitaanza nalo, kwa sababu tukishajua nani alimfundisha, ubishi wako na mwenzako utapungua wenyewe.

Tumjue kwanza ndege mwenyewe. Kiswahili cha kamusi kinamwita mlembe. Wengi wetu tunasema ndege wa asali, basi. Aina zake ni kama 17, nyingi zikiwa za Afrika, lakini anayeongoza watu kwa uhakika ni mmoja tu, mlembe mkubwa, ambaye jina lake la kisayansi ni Indicator indicator. Yaani "mwonyeshaji mwonyeshaji", kana kwamba kusema mara moja hakukutosha. Uzito wake haufiki robo ya robo kilo. Dume ana koo jeusi, mdomo wa pinki na baka jeupe shavuni. Jike ni huyo wa rangi ya vumbi uliyemwona. Wote wana manyoya meupe pembeni mwa mkia, na weupe huo ndio mliokuwa mkiufuata kati ya miti. Sauti yake ya kuita watu ni kama kiberiti kilichobakiwa na njiti chache, ukikitikisa harakaharaka sikioni.

Anachotafuta si asali. Anatafuta nta, pamoja na majana ya nyuki. Wanyama wenye uti wa mgongo wanaoweza kumeng'enya nta ni wachache mno, na yeye ni mmoja wao. Mwishoni mwa karne ya 16, mmisionari Mreno aitwaye João dos Santos, aliyekuwa Sofala kule Msumbiji, aliandika kwamba ndege wadogo walikuwa wakiingia kanisani kwake kudonoa mishumaa ya nta. Huyohuyo aliandika pia kwamba ndege hao huwaongoza watu kwenye nyuki. Kwa hiyo mjomba wako anataka asali, ndege anataka kile ambacho mjomba angekitafuna na kukitema. Wabia wa namna hiyo hawana cha kugombania.

Sasa twende alikozaliwa, na hapa habari inageuka kuwa ya kutisha.

Mlembe hajengi kiota. Jike huvizia kiota cha ndege mwingine, hasa wale wanaotagia ndani ya mashimo, kama keremkerem wadogo wanaochimba kwenye udongo. Mwenye nyumba akitoka, yeye huingia, akataga yai moja, na mara nyingi huyatoboa kwa mdomo mayai anayoyakuta kabla ya kuondoka. Yai lake limekaa tumboni mwake karibu siku nzima zaidi ya kawaida likiendelea kukua, kwa hiyo kinda lake huwahi kuanguliwa kabla ya watoto wa nyumba ile.

Linatoka kipofu, uchi, jekundu kama kidole kilichoungua. Lakini kwenye ncha za mdomo, juu na chini, lina ndoano mbili kali. Claire Spottiswoode, mtafiti ambaye jina lake utalikuta kila unapofuatilia habari za ndege huyu, yeye na mwenzake Jeroen Koorevaar waliweka kamera za kuonea gizani ndani ya mashimo ya keremkerem huko Zambia, wakachapisha walichokiona mwaka 2012. Kinda la mlembe linapapasa gizani, likigusa mwili wa mtoto wa keremkerem aliyetoka tu kwenye yai linamng'ata, linamtikisa, linapumzika, linamng'ata tena, mpaka anakufa. Mzazi wa keremkerem anaingia na chakula mdomoni wakati hayo yanaendelea, na hana habari. Anatafuta mdomo uliofunguka, auone au aupapase, alishe. Wiki chache baadaye ndoano zimekwisha kazi na hazipo tena, na anayetoka shimoni ni ndege mwenye sura ya upole kabisa.

Nimekupitisha huko kwa makusudi. Kwetu huku, kwa Wayao, kwa Wamakua, kwa Wamakonde, mtoto hukulia mkononi mwa mjomba. Mjomba ndiye anayekupeleka jandoni, ndiye anayekuonyesha mti upi una nyuki na upi una nyoka. Wewe mwenyewe ulikwenda porini nyuma ya mjomba. Mlembe hana mjomba. Mama yake hamjui. Baba yake hamjui. Ndugu wa kunyonya amewaua. Waliomlea ni keremkerem, na keremkerem shughuli yake ni kumdaka nyuki mmojammoja hewani. Habari ya nta hana, habari ya binadamu mwenye shoka hana. Kinda hili likiruka siku ya kwanza, hakuna mtu yeyote aliyelieleza kwamba duniani kuna kitu kinaitwa mzinga.

Ndiyo maana kwa muda mrefu jibu lilionekana rahisi: kila kitu amezaliwa nacho. Ndoano kazaliwa nazo. Hamu ya nta kazaliwa nayo. Hata namna ya kutaga amerithi, tena kwa utaratibu ambao Mmakonde angeuelewa haraka kuliko Mzungu. Wako majike wanaotagia kwenye mashimo ya ardhini na wako wanaotagia kwenye matundu ya miti, na mayai yao hayafanani ukubwa wala umbo, kila upande unafanana na mayai ya wenyeji wake. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba pande hizo mbili zimetengana kwa mamilioni ya miaka upande wa kikeni, ingawa madume huchanganya damu bila kubagua. Ukoo wa yai unakwenda kwa mama. Nilipousoma utafiti ule mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Tungeishia hapo, mwenzako angekuwa ameshinda. Kilichomharibia ni ule mlio wa mjomba.

Ukisimama ukingoni mwa Ruvuma upande wa pori la akiba la Lukwika-Lumesule, ng'ambo unayoiona ni hifadhi ya Niassa, Msumbiji. Warina asali wa humo ni Wayao, na mlio wao ni huohuo uliouandika, brrrr-hm: ulimi unatetemeshwa kwa muda, halafu mguno unaofunga. Spottiswoode, akishirikiana na wahifadhi wawili wa Niassa, Keith Begg na Colleen Begg, alitaka kujua kama mlio huo una maana yoyote kwa ndege, au ni mazoea ya watu tu. Warina asali wenyewe walipoulizwa kwa nini wanautumia, walisema ndivyo walivyofundishwa na baba zao, na kwamba unaleta bahati.

Angalia jaribio lilivyopangwa, maana ubora wa kazi hii uko hapo. Kama ungepiga brrrr-hm na ndege akaja, usingeweza kujua amekuja kwa sababu ya mlio au amesikia tu kwamba kuna mtu. Basi walitembea porini na spika. Safari nyingine spika ilitoa brrrr-hm, nyingine ilitoa sauti za Wayao wakisema maneno ya kawaida, nyingine sauti za wanyama. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Kwa sauti zile za kawaida, uwezekano wa kupata ndege wa kuwaongoza ulikuwa asilimia 33. Kwa brrrr-hm ulipanda hadi 66. Na uwezekano wa safari nzima kuishia kwenye nyuki ulitoka asilimia 16 ukafika 54. Mjomba akisema mlio unaleta bahati, bahati hiyo imepimwa, na ni zaidi ya mara tatu.

Sawa, atasema mwenzako, basi amezaliwa na mlio huo masikioni. Ni hoja nzuri, na ilichukua miaka mingine saba kuijibu.

Kilomita karibu 1,000 kaskazini ya hapo, kwenye vilima vya Kidero karibu na Ziwa Eyasi, Wahadzabe nao wanarina asali na ndege wa aina hiyohiyo. Hawatumii brrrr-hm. Wanapiga mluzi, wa kupandapanda kama wimbo. Wako pia Waborana wa kaskazini mwa Kenya, ambao hupuliza kwenye ngumi zilizokumbatana, au kwenye konokono aliyetobolewa, au kokwa la mkoma, na sauti hiyo husikika mbali. Kila watu na wito wao. Spottiswoode alishirikiana na Brian Wood, Mmarekani ambaye amefanya kazi na Wahadzabe kwa miaka mingi, wakabadilishana milio: wakapiga mluzi wa Kihadzabe Niassa, na brrrr-hm ya Kiyao Kidero. Majibu yakatoka mwaka 2023. Kule Kidero ndege waliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao. Niassa waliuitikia mlio wa Wayao karibu mara mbili kuliko mluzi. Ndege wa aina moja, kila mmoja anaijua lugha ya majirani zake.

Hilo kwenye yai haliwezi kuwemo. Mlio wa watu hubadilika kutoka bonde hadi bonde, na damu ya ndege hawa imechanganyika mno kuweza kutunza kamusi ya kila kijiji. Lazima amejifunza akiwa hai, huku nje.

Kwa nani? Ukirudi porini, mwangalie vizuri atakayekuja kwenye nta baada ya nyie kuondoka. Hatakuja mmoja. Huja kadhaa, wanafukuzana, wanagombania kipande, na kati yao utaona wenye kifua cha njano. Hao ndio vijana. Ndege wengi wadogo huficha umri wao, lakini kijana wa mlembe hutangaza kabisa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vijana hao huona wakubwa wakitangulia mbele ya mtu anayepiga mlio fulani, wanafuata, na mwisho wa safari wanakuta nta imewekwa wazi. Baada ya mara kadhaa, mlio na nta vimeshikana kichwani. Jando lake ndilo hilo. Hakuna anayemfundisha kwa nia ya kumfundisha. Yeye ndiye anayekuja na hamu ya kujifunza.

Na hamu hiyo ndiyo aliyozaliwa nayo. Hapa ndipo mimi ninaposimama, na naomba umpelekee mwenzako hivyo. Mageuko ya viumbe hufanya kazi kwa kubakiza: wazao wa aliyefanikiwa ndio wanaokuwepo kesho. Jambo lisilobadilika kizazi hata kizazi, kama giza la shimo la keremkerem, lina faida kuandikwa moja kwa moja mwilini, na ndoano zikaandikwa. Jambo linalobadilika kila ukivuka mto haliwezi kuandikwa hivyo. Likiandikwa, ndege akihama bonde amekwisha. Kinachobaki kwenye damu ni nafasi tupu yenye umbo lake: sikiliza sauti za hawa viumbe wa miguu miwili, angalia ipi inaishia kwenye nta. Ukoo ulioijua kanuni hiyo ulikula kuliko ukoo uliokuwa na jibu moja la kukariri. Ukimuuliza mwenzako hiyo ni silika au akili, mwache ahangaike kidogo.

Usidhani mambo haya ni ya ndege tu. Waulize wachokoaji wa pweza wa Msimbati au Mikindani, watakuambia pweza aliyekwisha kuponyoka hukaa tofauti pangoni. Yeye ni yatima kuliko mlembe: mama hulinda mayai bila kula, na yakianguliwa anakufa. Huishi mwaka mmoja au miwili tu. Ana seli za neva kama milioni 500, nyingi zikiwa mikononi kuliko kichwani, na babu aliyetuunganisha naye aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mnyama ambaye hatungemdhania kuwa na akili yoyote. Yaani uwezo wa kujifunza umejengwa upya, kwake kivyake na kwetu kivyetu. Lakini pweza ni swali la siku nyingine, usinichanganye.

Turudi msituni. Mwaka 1894 Mwingereza mmoja, C. Lloyd Morgan, aliweka kanuni ambayo mpaka leo tunaifundisha: usimpe mnyama sifa ya akili kubwa kama maelezo ya akili ndogo yanatosha. Mwenzako anaifuata kanuni hiyo bila kujua, na si kosa. Tatizo ni pale watu wanapoitumia kama fagio, wakafagia kila kitu. Nikuonyeshe kitu kimoja ambacho fagio hilo halikiondoi kirahisi.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa Liwale na mzee mmoja mrina asali, mlembe akitangulia. Mwiba ukapenya kandambili yangu. Nikakaa chini kuutoa, mzee akasimama kunisubiri. Ndege alikuwa amefika mbali, kelele zake zikisikika kwa taabu. Zikanyamaza. Nilipoinua kichwa alikuwa juu ya tawi la mtondoro, mita nne hivi kutoka nilipo, ananitazama kwa jicho moja kama ndege watazamavyo, halafu akaanza upya kwa nguvu zaidi ya mwanzo. Mzee akaniambia, "Amka, mwalimu, mwenye kazi anatugombeza." Tulipoanza kutembea akatangulia tena, safari hii kwa miruko mifupi zaidi.

Mruko ule wa kurudi nimeufikiria sana. Mashine ya silika tupu ingeendelea mbele mpaka kwenye nyuki, ifike peke yake. Huyu alikuwa anafuatilia kama tunamfuata. Sidai kwamba alijua nilikuwa na mwiba, wala kwamba alinihurumia. Ninachosema ni kwamba kichwani mwake kulikuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja, mahali palipo na nyuki na mahali alipo mwenzake, na hatua yake iliyofuata ilitegemea umbali kati ya hayo mawili.

Upande wa pili, watu nao wanamsoma. Hussein Isack, Mkenya, na Heinz-Ulrich Reyer walikaa miaka mitatu na Waborana, na mwaka 1989 wakachapisha walichokipata. Waborana walikuwa wakidai kwamba wakimwangalia ndege wanajua mwelekeo wa nyuki na umbali uliobaki. Vipimo vikawapa haki: kadiri nyuki walivyokaribia, ndege alitua kwa miruko mifupi zaidi, na kwenye matawi ya chini zaidi. Akifika hubadilisha sauti, huwa ya chini na yenye vituo virefu, halafu hunyamaza. Katika eneo wasilolijua, Waborana bila ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata nyuki. Wakiwa naye saa 3.2. Na kuna tarakimu moja katika kazi yao ninayoipenda kuliko zote: asilimia 96 ya makazi ya nyuki waliyoyaona yasingefikiwa na ndege bila mtu kuyafungua kwa zana na moto.

Tarakimu hiyo ndiyo inayonisaidia kukueleza haya mambo yalivyoanza. Ndugu wa karibu wa mlembe ni gogota, wale wanaotoboa miti kwa mdomo. Mlembe hana mdomo wa kutoboa, na nyuki wa Afrika akiwa na hasira humuua ndege kwa miiba. Kwa hiyo tangu zamani alikuwa akiishi kwa makombo ya mzinga uliobomolewa na mwingine. Sasa fikiria binadamu wa kale, ameshajua moto, ameshajua kwamba moshi unawalegeza nyuki. Pote anapopita, nta inabaki wazi. Ndege aliyezoea kukaa karibu na watu alikula zaidi. Ndege aliyepiga kelele za mhemuko alipomwona mtu karibu na mzinga alikula zaidi tena, kwa sababu mtu alisikia, akageuka, akaona. Hakuna aliyepanga. Kila hatua ilijilipa papo hapo, na kutoka kelele za mhemuko hadi kumtangulia mtu kilomita nzima ni hatua nyingi ndogondogo, si mruko mmoja. Ukitaka niseme ilianza lini, nitakwambia wapo wanaoifikisha zaidi ya miaka milioni moja nyuma, enzi za mwanzo wa moto, kabla hata binadamu wa leo hajatokea.

Utakutana na watu watakaokuambia kwamba mwalimu wa kwanza alikuwa nyegere, yule mnyama mpenda asali, kwamba ndege alimwongoza yeye kwanza, na kwamba sisi tulirithi nafasi yake. Hadithi hiyo imeandikwa kwenye vitabu vingi vya watoto na imechorwa kwenye katuni. Nyegere hutembea zaidi usiku, haoni vizuri, na hapandi miti kama mrina asali. Watafiti vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliwahoji warina asali karibu 400, wakachapisha mwaka 2023: wengi sana walikuwa na mashaka. Wapo waliosema wamewaona pamoja, wengi wao Wahadzabe, na mimi siwezi kumwambia Mhadzabe kwamba hakuona alichokiona. Lakini kwa huku kwetu, mzee akikwambia hajawahi kumwona nyegere akiongozwa, usimwone mjinga kwa sababu katuni inasema vingine.

Sasa chui. Najua ulikuwa unalisubiri hili.

Imani ya kwamba ndege aliyedhulumiwa atakupeleka kwa chui, simba au nyoka iko karibu kila mahali anapoishi ndege huyu. Ili iwe kweli, mlembe anapaswa kumkumbuka mtu mmojammoja, kukumbuka kosa lake, kujua chui amelala wapi, kuelewa kwamba chui ni hatari kwa mtu, na kufurahia kisasi ambacho hakimlishi. Ni mzigo mkubwa kwa ubongo unaotosha kwenye kijiko cha chai. Na tuna ushahidi wa kuupinga. Wahadzabe, ambao asilimia 8 hadi 10 ya chakula chao hutokana na msaada wa ndege hawa, hawana desturi ya mjomba wako. Brian Wood na wenzake waliandika mwaka 2014 kwamba wao mara nyingi huichoma nta iliyobaki au huificha, kusudi ndege abaki na njaa aendelee kuongoza. Kwa hesabu ya imani ile, Wahadzabe wangekuwa wameshaliwa wote. Na ndege kesho yake anaitika mluzi wao kama kawaida, maana hahitaji kulipwa kila mara. Ikitokea mara moja moja anadokoa mabaki, hiyo inatosha kumrudisha.

Nyoka ni habari nyingine kidogo. Nyuki na nyoka wanapenda nyumba ya aina moja, tundu la mti. Ukiongozwa mara mia kwenye matundu ya miti, siku moja utamkuta mwenye nyumba mwingine. Siku hiyo haisahauliki, na kama juzi yake ulikuwa umemnyima ndege, hadithi imeshajiunga.

Ila usiende kumcheka mjomba. Imani yake ni ya uongo kuhusu ndege, lakini inafanya kazi nzuri kwa watu: inawafanya walipe, na ndege wa bonde lenye kulipa wana sababu zaidi ya kuusikiliza mlio wa bonde hilo. Mimi mwenyewe sina hofu ya chui huyo, na bado sijawahi kuondoka bila kuacha sega.

Kinachonipa wasiwasi ni kingine. Panda juu Newala au Tandahimba, uwanda wote ni mikorosho. Kijana wa pale akitaka utamu ananunua sukari dukani. Sehemu nyingine za Afrika ambako watu wameacha kurina, ndege wapo, lakini hawamtangulii mtu. Wanasikia sauti za watu mchana kutwa na hakuna inayoishia kwenye nta, basi hawana cha kujifunza. Hamu imo damuni ileile. Jando ndilo halipo. Miombo ya Liwale, Nachingwea na Nanyumbu bado ina warina asali, na ndiyo maana nimelichukua swali lako kwa uzito kuliko ulivyotarajia.

Likizo ijayo nenda tena na mjomba, uchukue simu yenye chaji na daftari. Mrekodi anapopiga mlio, kisha mwombe akupeleke kwa mrina asali mwingine wa kijiji cha mbali, umrekodi na huyo, usikilize kama ule mguno wa mwisho unafanana. Andika saa mliyoanza kuita na saa aliyotokea ndege, na usiziache siku ambazo hakutokea. Wanaoanza huwa wanaandika siku za ushindi tu, halafu hesabu inawadanganya. Mkishatenga masega juu ya majani, msiondoke. Kaeni mita 20 hivi, chini ya kivuli, bila kusema, muda wa saa nzima. Mhesabu wanaokuja, na kati yao wangapi wana kifua cha njano.